Reale Iliyotiwa Kimya

Paukwa!

Mmeitikia kivivu. Kuna msiba humu? Paukwa!

Pakawa! Ndivyo. Pakawa mji, mji ukawa na watu, watu wakawa na mila, na mila ikawa na ncha. Zama hizo kuku alikuwa na meno na kadhi alikuwa na nafasi ya kusikiliza.

Saumu, nishikie huo ukili wa mkeka, usiuvute. Na wewe Kassimu acha kunong'ona kwamba hadithi za mchana huotesha mkia. Nimekusikia. Hadithi ndizo zioteshazo mkia, hiki ni kisa. Kisa hata jua likiwa utosini husemwa. Nami nataka kukisema leo kwa sababu jana mlirudi harusini mkaniambia bwana harusi kamkabidhi bibi harusi bahasha. Bahasha! Imegandishwa kwa gundi! Yule binti mikono yake haikulia hata cheng'. Nikasema, hawa wajukuu zangu hawajui kilichokuwa kabla ya bahasha, wala hawajui kwa nini kiliondoka. Basi tulieni.

Zamani, zamani hasa, babu wa babu yangu hajaota ndevu, palikuwa na mji ukiitwa Kitovuni. Siku moja bahari ikamtapika mtu. Mwekundu, ndevu nyekundu, nguo zimemchanika, kilichomsalia ni mkanda kiunoni, na mkanda mzito. Watu wakasema, "Mreno huyo!" Kwao kila mwekundu alikuwa Mreno. Mwenyewe akaruka juu, "Mimi Mreno hapana! Mimi Mhispania!" Wakamjibu, "Haya, Mreno, njoo ule." Akala.

Ndani ya mkanda zilikuwamo reale, zile za fedha nzito, zenye nguzo mbili zimechorwa upande mmoja. Lakini watu wa Kitovuni walipozitazama hawakuona nguzo. Waliona mizinga. "Reale za mzinga hizi," wakasema. Mhispania akakasirika tena. "Mzinga hapana!" Akakimbia akaigonga nguzo ya baraza, gu gu gu, awaonyeshe. Wakamtazama, wakaitazama baraza, wakasema, "Ah, kumbe kwao mizinga hukaa barazani." Basi reale zikabaki za mzinga mpaka leo. Hivyo ndivyo watu wa Kitovuni walivyokuwa. Kuuliza mara ya pili kwao kulikuwa kazi nzito.

Yule bwana akakaa, akasilimu, akapewa jina la Abdalla, akamtaka Bi Kazija. Akapewa. Siku ya ndoa akasema, "Ngoja! Kwetu, mke mikono hivi." Akaunganisha viganja, mtu anayekinga maji. "Mume, sarafu kumi na tatu. Hii hapana, ndoa hapana." Wazee wakaguna, kadhi akasema haina dhambi, atoe.

Bi Kazija akakinga. Mhispania alikuwa amejifunza majina ya miezi yetu, na maneno mawili ya kuongezea. Akatia ya kwanza, ikalia cheng'. "Mfunguo mosi, changu chako." Akatia ya pili, cheng'. "Mfunguo pili, changu chako." Akaenda hivyo, cheng', changu chako, cheng', changu chako, mfunguo kenda ukapita, Rajabu ikapita, Mlisho, ndio Shabani, ukapita, akafika Ramadhani. "Ramadhani, changu chako." Miezi ikamwishia, na mkononi imebaki reale moja.

Kwao hiyo moja ilikuwa na maneno yake. Ya maskini, au ya Mungu, au ya akiba, sijui, sikuwapo. Akafungua kinywa ayaseme, Kiswahili chake kikamwishia papo hapo. Akatazama dari. Akamtazama kadhi. Akafunga kinywa, akaitia kimya. Cheng'.

Na watu wa Kitovuni wakatikisa vichwa. "Mna siri kubwa humo," wakasema. Hakuna aliyemuuliza.

Mwaka ukapita, Bi Kazija akafiwa na mama yake. Akarudi mazikoni hana sauti. Hakulia, hakusema, hakula. Akaitwaa ile reale ya mwisho, akaenda akaiweka kiganjani mwa mumewe. Kwa nini aliiweka? Hata yeye hakujua. Na yule bwana, maskini, maneno ya kuliwaza hana, ya kuuliza hana. Akaifumba ile sarafu, akaushika mkono wa mkewe, akaketi naye kutwa nzima bila neno. Wanawake wakachungulia, wakaona. "Kumbe ndiyo maana yake!"

Tangu siku hiyo ikawa mila ya Kitovuni nzima. Mume hutia kumi na mbili kwa maneno, moja kwa kimya. Tajiri alitia reale, fukara alitia pesa za shaba, hakuchekwa mtu. Na ile ya kimya mke huifunga kwenye pindo la kisutu chake, ile nguo ya harusi. Likimfika jambo asiloweza kulitamka, humwekea mumewe kiganjani naye hasemi kitu, na mume akiwa mwanamume huacha alilo nalo, akampa mkono, akakaa naye. Haulizi. Mkono kwanza, maneno baadaye. Wakaiita kipamkono. Nyinyi mkisikia kipamkono leo mnadhani ni hela za kumtazama bibi harusi uso. Kwa wenzenu kilikuwa na kazi.

Ilikuwa mila nzuri, wanangu. Nasema mapema ili mwisho msije mkasema bibi kaitukana.

Sasa miaka ikaenda, wa kale wakafa, wapya wakazaliwa, akapatikana binti mmoja akiitwa Mwanamkuu. Si mzuri wa kusimamisha njia, mzuri wa kutosha. Mwenye haya, mwenye moyo, akikasirika hunyamaza. Akaja kumposa kijana wa mji mwingine, mji wa Bondeni, jina lake Faki. Faki alikuwa fundi wa kuchonga milango. Fundi kwelikweli, ua lake mlangoni ungependa kulinusa. Lakini alikuwa na hasira za karibu, na hasira za karibu hata kwa fundi mzuri ni hasara.

Na kwao Bondeni, sikilizeni hapa vizuri, Kassimu kaa chini. Kwao Bondeni mke akimrudishia mume sarafu aliyopewa siku ya ndoa, ana maana moja tu. Amechoka. Anarudisha mahari, anajikomboa, anataka talaka yake. Ndiyo hului hiyo, na hata leo ipo. Mtoto mdogo wa Bondeni alijua hivyo.

Mnaona tunakokwenda? Mimi naona, na sitaki kwenda, lakini kisa hakirudi nyuma.

Siku ya ndoa Faki akatia sarafu zake. Cheng', changu chako. Cheng', changu chako. Akafika ya mwisho akasita. Ubavuni mwake amesimama ami yake, Mzee Shaame, mtu wa Bondeni lakini aliyeoa Kitovuni na kuzeekea huko. Faki akamnong'oneza.

"Ami, hii niseme nini?"

"Usiseme. Tia tu."

"Maana yake?"

"Wenyewe watakwambia. Tia, watu wanangoja pilau."

Akatia. Cheng'.

Ndani, Bi Mwatime, kungwi wake Mwanamkuu, alikuwa amekwisha kumfunza binti yote. Hii ya kimya ni ya siku isiyosemeka. Ukiiweka mkononi mwake unyamaze, mpaka akushike. Ukisema umeiharibu. Mwanamkuu akauliza, na Mungu amrehemu, yeye peke yake katika mji ule ndiye aliyeuliza.

"Somo, na yeye anajua?"

"Nani, Faki? Ami yake kaozwa hapahapa kwa sarafu hizohizo. Atakosaje kumwambia?"

"Basi nimwambie na mimi."

"We! Kipamkono hakisemwi. Mwanamke anakitangaza kipamkono chake? Tulia."

Akatulia. Kungwi akadhani ami amesema, ami akadhani kungwi atasema. Kila mmoja akala pilau yake, akaenda zake moyo umemtulia.

Wakakaa hapohapo Kitovuni, na walipendana, hilo nalo mlijue. Faki alikuwa akirudi kazini na unga wa mbao nyusini, Mwanamkuu akiupuliza, wakicheka. Alimchongea marufaa ya mbao ya kuwekea msahafu, akamchongea kijiko, akamchongea kitana. Nyumba ilijaa michongo mpaka Bi Mwatime akasema, "Huyu akikaa sana atakuchonga na wewe."

Mwaka haujatimia Mwanamkuu akashika mimba. Changa. Na mimba changa haitangazwi, kuna macho na kuna vinywa. Akamficha kila mtu, akamficha na mumewe, akasema moyoni, ikishika vizuri nitamwambia, nimwone uso wake. Kosa? Si kosa. Wengi wamefanya hivyo wakaja wakacheka.

Hapo ikaja kazi Bondeni. Tajiri mmoja kajenga, ataka mlango mkubwa utiwe, aje Faki mwenyewe autie. Faki akafurahi, akawaambia mpaka majirani.

Mwanamkuu akasema, "Usiende."

"Kwa nini?"

"Usiende tu, mume wangu. Ngoja mwezi upite."

"Mlango huo ndio utakaonijulisha. Ningoje mwezi upite kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa mdomoni. Akaimeza. "Basi tu."

"Basi tu! Mwanamkuu, mimi ni fundi, sifanyi kazi za basi tu. Kama hunitaki nifanikiwe sema. Kama hunitaki kabisa, hilo nalo sema!"

Hakujibu. Nimewaambia akikasirika hunyamaza. Wakaacha kusemezana.

Asubuhi yake Faki akatoka uani kumfunga punda. Patasi zake, nyundo zake, msumeno kauviringa guniani. Na ndani, wanangu, asubuhi hiyohiyo, mimba ikaharibika. Mwanamkuu alikuwa peke yake. Akashika ukuta, akajisitiri alivyoweza, akabadili nguo. Alitaka kumwita mumewe. Lakini aanzie wapi? Amwambie umepoteza mtoto ambaye hukuambiwa unaye? Amwambie wakati wamelala hawasemezani? Kinywa kikawa kizito. Ndipo akakumbuka pindo la kisutu.

Nilipokuwa msichana nilipenda sehemu hii ya kisa, maana nilikuwa sijui kitakachofuata. Ninyi bado hamjui. Haya.

Akafungua fundo. Akatoka uani, mwendo wa pole, mkono mmoja ukutani. Faki kampa mgongo, anakaza kamba. Akaufikia mkono wake akaufungua mwenyewe, akaitia reale. Kisha akanyoosha kiganja chake kitupu mbele, akangoja kushikwa.

Faki akaitazama sarafu. "Nini hii?"

Kimya.

"Mwanamkuu, si ile ya siku yetu hii?"

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Unanirudishia?"

Ndiyo. Machozi yakaanza kumtoka, alidhani sasa amefahamu.

"Umefikiri vizuri?"

Ndiyo.

Faki akaigeuza sarafu kiganjani. Jana alimwambia kama hunitaki sema, na leo hii sarafu. Akatazama kile kiganja kilichonyooshwa akaona mtu anayedai chake. Akauliza mara ya mwisho, na nyinyi msimchukie, aliuliza.

"Ndilo ulitakalo?"

Mwanamkuu akaitikia kwa kichwa mara nyingi, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Basi chukua talaka yako. Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Tatu, wanangu.

Ndiyo, Saumu, nakusikia. "Si aseme!" Hata mimi nasema aseme. Kila nikifika hapa nasema, sema mwanangu, sema mtoto, sema damu, sema lolote. Hasemi. Alikuwa amefunzwa asiseme mpaka ashikwe mkono, akasimama vile vile na mkono wake mbele, na Faki akamswaga punda akatoka mlangoni. Hakugeuka, kwa kuwa alikuwa analia na hakutaka aonekane.

Bi Mwatime ndiye aliyemkuta, ameanguka pale uani. Akaiona nguo imelowa damu, akaelewa ya kwanza. "Mwanangu, umeharibikiwa! Mumeo yuko wapi?" Mwanamkuu akamwambia ya pili. Kungwi mzima, mwanamke aliyefunza nusu ya mji, akakaa chini vumbini akajipiga paja.

Akamwendea Mzee Shaame barazani kwake, hana hata buibui sawasawa.

"Shaame! Hukumwambia mtoto maana ya sarafu ya kimya?"

"Mimi? Ya kwenu ile! Si ninyi mlikuwa mumwambie?"

"Wewe umekaa nayo miaka yote!"

"Na wewe ndiye kungwi!"

Wakatazamana. Kisha mzee akauliza taratibu, "Kwani imekuwaje?" Alipoambiwa akavua kofia, akaishika tu mikononi, hajui aiweke wapi. Hakungoja chakula. Akapanda punda akamfuata mpwawe, maana hivyo ndivyo alivyomwita, mpwa, ingawa alikuwa mtoto wa kaka yake, kwa mapenzi.

Akamkuta Bondeni, kwa tajiri, mlango umesimamishwa nusu. Faki juu ya ngazi.

"Shuka, mwanangu."

"Ami, kama umeletwa na wao kuchukua vyombo vyake, mwambie achukue vyote. Mimi sitaki kitu."

"Shuka, nina neno langu. Nilikuwa nalo tangu siku ya harusi yako, nimechelewa nalo."

Akashuka. Mzee akamweleza. Bi Kazija na mazishi, kumi na mbili na moja, mkono kwanza, maneno baadaye. Akamweleza na mimba. Faki akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mzee hakulipenda.

"Mkono ule aliunyoosha nimshike?"

"Umshike."

"Nami nikaona anadai."

Akauacha mlango wa watu nusu, akarudi Kitovuni, wakaenda moja kwa moja kwa kadhi. Kadhi alikuwa mtu wa huruma, alitafuta pa kumtolea, Mungu shahidi, alitafuta.

"Ulimtamkia mara ngapi?"

"Tatu."

"Ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa na hasira zangu, kadhi."

"Hasira si wazimu, mwanangu. Na yeye ulipomuuliza ndilo alitakalo, alikubali?"

"Alikubali. Alikubali jingine."

Kadhi akafunga kitabu chake. Akasema neno limetoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Hawi mkewe tena, ila aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, na yule mume amwache kwa hiari yake au afe. Mzee Shaame akasema, "Kwa hiyo njia ipo." Kadhi akainuka akaenda kutia udhu.

Mji ulipopata habari, akina mama wakakutana. Wakalia, wakalaumiana, wakapatana jambo moja. Kipamkono basi. Hakuna sarafu tena mikononi mwa bibi harusi wa Kitovuni, ya neno wala ya kimya. Zilizokuwamo mapindoni zikapelekwa kwa sonara zikawa bangili. Watu wale, kuliko waongeze sentensi moja, waambie watoto wao hii maana yake hii, wakaona afadhali waitupe mila nzima. Hapo ndipo ninaposikitika mimi. Hata hasira naona, kwa watu waliokufa zamani.

Sasa lililobaki ni dogo. Faki akaomba aonane na Mwanamkuu. Mara ya kwanza akakataliwa, ya pili akakataliwa. Eda ilipokwisha akakubaliwa, mchana, kwa Bi Mwatime, pazia katikati, mwenyewe Bi Mwatime kakaa pembeni anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Faki akatoa salamu. Akaitikiwa. Bi Mwatime akakohoa.

"Ami anasema iko njia," Faki akaanza.

"Njia gani?" Sauti yake kutoka ndani ilikuwa nzima.

"Apatikane mtu tunayemwamini. Akuoe, siku chache. Kisha akuache, nami..."

"Faki."

"Naam."

"Mimi si mlango, afungue fundi mwingine ili wewe upite."

Ungo wa Bi Mwatime ukasimama. Faki akainamisha kichwa. Aibu ilimshika mpaka masikio, maana alijua kabla hajasema kwamba si neno la kusema, lakini mtu aliyepoteza hushika hata mwiba.

Akaitoa ile reale mfukoni, akaisukuma chini ya pazia. "Hii yako. Sikuitumia."

Mkono ukaonekana, ukaitwaa, ukarudi ndani. Kisha Mwanamkuu akasema, "Siku ile nilitaka usiseme. Leo sema."

"Niseme nini?"

Faki akafikiri. Alikuwa amekuja na maneno mengi. Sikujua, nilidanganyika, ami ndiye mwenye makosa, mji ndio wenye makosa, nami nakupenda mpaka kesho. Yote yalikuwa kweli. Lakini akagundua, hapo alipokaa, kuwa tangu siku ile watu wote walikuwa wamesema habari za talaka, na sarafu, na mila, na nani angemwambia nani. Yule mtoto wao hakuna aliyemtaja. Na mama yake hakuna aliyempa mkono wa tanzia.

"Pole, Mwanamkuu," akasema. "Pole kwa mtoto."

Pazia likatikisika kidogo.

"Nishapoa."

Ndilo jibu la kila mtu, wanangu, hata aliyejikwaa kidole hujibu hivyo. Mtu hulijibu na donda bado linavuja damu. Lakini Faki alimjua mkewe, na sauti ile aliifahamu. Alikuwa amepoa kweli. Alikuja amejiandaa kwa hasira zake, kwa machozi yake, hata kwa matusi, na ni hilo moja tu ambalo hakujiandaa nalo. Akasubiri, labda litafuata neno jingine. Bi Mwatime akaanza tena kupepeta. Faki akasimama, akavaa viatu, akaaga, akaitikiwa vizuri.

Saumu, usilie, utanilowesha ukili. Aliolewa, ndiyo. Baadaye sana, na mtu mpole wa hapohapo, akazaa. Faki hakuoa. Alichonga milango mpaka uzeeni, mizuri, na wenye nyumba wakisifu alikuwa akisema ahsante na hasemi zaidi.

Kwa hiyo nini? Wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wamesema kweli. Lakini hawakutuambia kuwa ulimi hujikwaa hata ukilala. Mkimpa mtu kitu chenye maana, mwambieni maana yake, hata kama mnadhani anajua, hata kama mnadhani fulani kamwambia. Mkipewa, ulizeni, na mkiuliza msijijibu wenyewe. Na mtu akikunyooshea mkono, ushike kwanza. Ukiwa unadaiwa utajua baadaye. Wanasema majuto ni mjukuu, basi mimi ninao wa kutosha hapa mbele yangu, msiniongezee.

Nimekipakua, chungu ni kitupu. Kitamu chake kuleni mkaeneze kwa wenzenu, kichungu chake niachieni mimi niliyekizoea. Anayetaka kuuliza aulize sasa hivi, kabla sijanyamaza.